Konokono Hajaandika

Mama alikuwa hawezi kunywa chai ya asubuhi kabla hajamchungulia Konokono. Konokono huyo si wa bustanini. Sisi hatuna bustani, tuna kibaraza chenye mashine ya kufulia na ndoo. Lilikuwa jina la mwanamke tusiyemjua, mwenye blogu kuhusu saratani yake ya utumbo. Jina hilo alijichagulia mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, na nakuhakikishia alilitendea haki.

"Kaandika?" nilimuuliza Mama asubuhi moja ya Oktoba, huku navaa soksi.

"Bado."

"Labda anatafuta kalamu."

"Blogu haiandikwi kwa kalamu, Kyosuke."

"Ndiyo maana anachelewa."

Zamani Mama angenirushia kitambaa cha mezani. Siku hiyo alikitandika tu juu ya meza, na simu akailaza kifudifudi juu yake taratibu, kama anayelaza mtoto.

Upasuaji wake ulikuwa mwisho wa Agosti. Walikata kipande cha utumbo, wakashona, na Daktari Nomoto akasema kazi imekwenda vizuri, ila kuna chembe zilizokuwa zimeanza kutembea, hivyo afadhali afuatishe dawa ya dripu kwa nusu mwaka. Alichora utumbo kwenye karatasi, akachora mishale, akataja asilimia. Mama akaitikia "ndiyo, ndiyo" kama anayeelekezwa njia ya kwenda posta. Tulipotoka nje akaniuliza, "Amesemaje yule?"

Daktari alisema kwa asilimia, Konokono alisema kwa vijiko. Alikuwa ameugua ugonjwa uleule, hatua ileile, akapewa dripu ileile, miaka mitatu kabla ya Mama. Aliandika kwamba ukishaingiziwa ile dawa, maji ya baridi unayameza kama vipande vya glasi. Kwamba kijiko cha chuma kinauma vidoleni, nunua cha mti. Kwamba ukifungua friji vaa glavu, na yeye kazini huvaa glavu nyembamba za hariri za rangi ya manjano kwa sababu mkasi wa kinyozi hauna huruma. Kwamba siku mbaya kabisa kitu pekee kilichopita kooni ni vimaandazi vya mji wao, vya maharage matamu, vyenye chapa ya peasi juu. Mama alivitafuta vimaandazi hivyo mji wetu wote wa Ageo, dukani ninakopanga bidhaa na maduka mengine yote, hakuvipata.

Mwaka wa kwanza Konokono aliandika kila siku. Wa pili, mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi. Halafu ikawa "Kufuta tangazo".

Hili la tangazo kwetu analijua kila mtu. Ukiiacha blogu yako ya bure zaidi ya mwezi mmoja bila kuandika, wenye mtambo wanakubandikia tangazo la biashara juu kabisa, na chini yake wanaandika kwa adabu kwamba tangazo hili huonekana kwenye blogu ambayo haijaandikwa kwa zaidi ya mwezi. Ni kama kuwekewa alama ya uvivu mlangoni. Basi mvivu akiona aibu, anaandika andiko la mstari mmoja, "Kufuta tangazo", anatia picha ya paka au ya bakuli la tambi, tangazo linaondoka, anarudi kulala.

Kwenye blogu ya paka, tangazo hilo maana yake mwenye paka ana shughuli. Kwenye blogu ya mgonjwa, wasomaji wanalitazama kama majirani wanavyotazama nyumba ambayo magazeti yamerundikana mlangoni. Hakuna anayesema neno. Kila mtu anapita polepole kidogo, anasikiliza.

Mama alikuwa ameshafuata blogu nyingine tatu za namna hiyo, na zote ziliisha kwa andiko moja: "Mimi ni mume wake." Au mtoto. Yule wa tatu alikuwa dada yake, na aliomba radhi kwa kuchelewa kutoa taarifa. Tangu hapo Mama akiona andiko jipya popote, anafunika skrini kwa kiganja, anasoma neno moja moja akisogeza kidole.

Kwa Konokono, tangazo lilikuja mwezi wa Septemba. Likakaa. Lilikuwa tangazo la chai ya kupunguza tumbo, na Mama, ambaye nguo zake zote zilikuwa zinamvuka, alisalimiwa kila asubuhi na mwanamke anayecheka akishika kiuno chake.

"Mimi simlaumu mtu kwa kufa," nilisema siku moja, "ila huu ni uvivu tu. Nitamwandikia."

Nikamwandikia kweli. Maoni ya kwanza yalikuwa ya heshima. Ya pili yalikuwa ya kukumbusha. Ya tatu niliandika: "Konokono wa kweli angekuwa ameshafika Osaka." Yote yalijibiwa na mashine: maoni yako yanasubiri kibali cha mwenye blogu.

Ijumaa Daktari Nomoto alimwambia Mama kwamba muda unayoyoma. Dawa hii huanza kidonda kikishapona na si baadaye sana. Akisubiri mpaka Novemba haitakuwa na maana ileile. Akampa mpaka Alhamisi ijayo aamue.

Tulirudi kwa basi. Mama akavua viatu, akavipanga mlangoni.

"Siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Kwenye dripu. Yule alivumilia yote. Vijiko vya mti, glavu, kutapika. Alivumilia kama mwanafunzi bora. Na ona. Amekufa."

"Hujui kama amekufa."

"Tangazo lina karibu miezi miwili, Kyosuke."

"Mama, mimi daftari langu la shajara la darasa la tatu lina ukurasa mmoja. Nimekufa mimi?"

Hakucheka. "Sitaki kuteswa nusu mwaka halafu nife vilevile. Afadhali nife nikinywa maji ya baridi." Akaenda jikoni, akafungua friji, akajimiminia glasi, akainywa yote amesimama, akinitazama.

Baba anafanya kazi kiwandani Nagoya na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilimpigia simu. Akasema, "Mama yako ni mtu mzima." Nikasikia mashine nyuma yake, kisha akasema, "Zungumza naye wewe. Wewe ndiye mwenye maneno." Kwetu kila kitu kigumu hupewa mwenye maneno, kana kwamba maneno ni nyundo.

Basi nikaamua kumtafuta Konokono. Nilitaka kitu kimoja tu: aandike neno, hata nukta, lile tangazo liondoke, Mama aende Alhamisi.

Hakuwahi kuonyesha uso, jina wala mji. Lakini siku moja ya theluji alipiga picha ya viatu vyake vipya vya mpira, na kando ya kiatu cha kushoto, pale theluji ilipofagiliwa, ulionekana mfuniko wa mtaro. Una peasi mbili na daraja. Kila mji wetu una mfuniko wake wenye mchoro wake, na wapo watu wazima, wenye akili timamu, wanaozunguka nchi nzima wakiipiga picha na kuiweka kwenye blogu. Na watu hawa wanaandika! Hawakosi siku. Mvua ikinyesha wanaandika kwamba leo mfuniko umelowa. Nilikaa kwenye kochi mchana mmoja nikipita mifuniko ya mkoa wa Yamagata, kwenye theluji na mapeasi, moyoni nikisema, dunia hii, anayesubiriwa na wagonjwa haandiki, asiyesubiriwa na yeyote anaandika asubuhi na jioni. Nikalipata daraja. Mji unaitwa Nashiki.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilimwambia Mama nakwenda Omiya kwa Haruta, rafiki yangu wa sekondari, tukacheze gemu. Haukuwa uongo mzima. Omiya nilifika. Nilibadilishia treni hapo.

Nashiki ni mji ambao ukishuka kituoni unasikia viatu vyako mwenyewe. Mapeasi yalikuwa yameiva, kila mti umefungwa vifuko vya karatasi kama watoto wenye mafua waliofunikwa. Kulikuwa na vinyozi wawili. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye mbwa. Wa pili alikuwa nyuma ya benki, nguzo ya rangi, alama ya vinyozi, ikizunguka mlangoni, na ndani mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, barakoa usoni, anafagia. Mikononi, glavu nyembamba za hariri za rangi ya manjano.

Nikasimama mlangoni kama nguzo ya pili. Alikuwa hai. Anafagia.

"Karibu. Ingia basi, unaingiza baridi."

Nilikaa kwenye kiti. Akanifunga shuka shingoni.

"Tunakata vipi, kijana?"

"Kidogo tu, shangazi. Nisionekane nimekatwa."

"Ukitaka usionekane umekatwa, ungebaki nyumbani."

Akaanza. Mkasi wake ulikwenda vizuri, halafu unasimama, halafu unakwenda. Kila baada ya muda alikuwa anautazama mkono wake, kuhakikisha kama bado umeshika. Tulitazamana kwenye kioo. Nilikuwa nimejiandalia hotuba kwenye treni, yenye utangulizi na kila kitu. Ilitoka hivi:

"Mama yangu anasoma blogu yako."

Mkasi ukasimama karibu na sikio langu.

"Blogu gani?"

"Konokono."

Birika lilikuwa linachemka nyuma ya pazia. Alikwenda akalizima, akarudi, akasimama nyuma yangu.

"Umenipataje?"

"Mfuniko wa mtaro. Kwenye picha ya viatu vya mpira."

"Makubwa haya!" Akaketi kwenye kiti cha wateja wanaosubiri. "Mtu anaficha uso, anaficha jina, anawasema wakwe zake kwa mafumbo, anakuja kuumbuliwa na maji machafu. Unajua hicho ulichofanya kinatisha? Ningekuwa na mume mkali ungekuwa nje sasa hivi na nusu kichwa."

"Samahani sana, shangazi." Nikainama kuomba radhi, shuka na yote, nywele zikamwagika magotini.

"Usiiname! Nitakukata shingo." Alikuwa ameshasimama tena. Akanirudisha kichwa kwa vidole viwili. "Wewe ni yupi? Kuna mmoja aliniandikia habari za Osaka."

"Ni mimi."

"Nilijua tu. Nilicheka, ujue. Sikuipitisha, lakini nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza."

"Uliisoma? Basi kwa nini hukujibu? Shangazi, Mama yangu kila asubuhi anafungua simu anamkuta mwanamke wa chai ya tumbo. Alhamisi anatakiwa aseme kama anaanza dripu. Hataki. Anasema umekufa."

Akaendelea kukata, upande wa kulia, polepole.

"Ana hatua gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, mpaka glasi ya maji.

"Ni ileile yangu," akasema. "Sikiliza. Mwaka ule wa kwanza niliandika kila siku kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ila kutapika. Kutapika kunachosha, kuandika kunapoza. Halafu siku moja nikaamka nataka tambi. Nikala. Zikakaa. Na tangu siku hiyo blogu ikawa inanishinda. Nilikuwa na shughuli, kijana! Tulikwenda Kyushu na mume wangu tukaoga maji ya moto mpaka ngozi ikakunjamana. Binti yangu aliolewa, nywele zake nilizitengeneza mimi, na vidole hivi visivyosikia, saa tatu nzima. Nikajifunza kuogelea. Naogelea kama gunia, lakini naogelea."

"Si ungeandika hayo!"

"Kwa nani? Kwa mtu aliyejikunja sakafuni chooni? Nimwambie, haloo, mimi leo nimeogelea? Tulikuwa watano tukiandikiana. Unajua wangapi tumebaki?" Akanionyesha kidole kimoja kwenye kioo, cha manjano. "Niende nikapige ngoma ya harusi mbele ya milango yao? Kila nikianza andiko naona majina yao. Nafuta. Naweka picha ya peasi, naandika kufuta tangazo, basi."

"Lakini sisi tunaosubiri tungejuaje kwamba ni raha? Mgonjwa akinyamaza tunajua jambo moja tu."

"Ndiyo," akasema. "Hilo nililijua. Nililijua na bado nikaona uvivu."

Nilianza kupata nguvu. Nikaona nyundo yangu inafanya kazi. "Basi leo imekuwa rahisi, shangazi. Uko mzima. Andika nukta. Mimi nitakaa hapa, nitasubiri, hata chai sitaki. Nukta moja!"

Aliweka mkasi kwenye trei. Akavua barakoa ili nimwone vizuri, na hapo nikaona macho yake yana umanjano kwenye weupe, umanjano hafifu kama wa karatasi ya zamani.

"Siko mzima," akasema. "Ugonjwa umerudi. Tangu Julai. Uko kwenye ini."

Nadhani nilisema "oh". Mwenye maneno, nilisema "oh".

"Sasa umeelewa kwa nini tangazo limekaa? Nikiandika nukta, wataniuliza hali. Nikisema mzima, ni uongo, na mimi sijawahi kudanganya mle. Nikisema umerudi, kuna mtu kama mama yako amekaa na simu, ana mpaka Alhamisi. Nimwambie nini? Afadhali wadhani mimi mvivu."

"Hawadhani wewe mvivu. Wanadhani umekufa."

"Basi wamewahi kidogo tu." Akacheka mwenyewe, mimi sikuweza. Akachukua mkasi tena. "Upande huu umebaki mrefu. Tulia."

Alimaliza. Alinipangusa shingo kwa taulo la moto. Mlangoni akanishika mkono wa shati. "Mwambie mama yako umenikuta nakata nywele. Hilo si uongo. Zaidi ya hapo usiseme, nakuomba. Niahidi."

Nikaahidi. Nikainama, safari hii bila shuka.

Sikumbuki nilivyofika kituoni. Nilikuwa natunga. Nimwambie Mama kwamba Haruta ana shangazi Yamagata. Kwamba shangazi huyo ananyolewa. Hapana, wanawake hawaendi kwa kinyozi. Kwamba mtu mmoja mtandaoni amemwona. Nilitunga uongo wa kila ukubwa. Treni ikatangazwa. Na mikono yangu, ambayo tangu safari ya shule ya msingi imefundishwa kwamba hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu, ilinyooka, ikachukua boksi kwenye kibanda cha kituo, ikalipa, ikapokea mfuko. Kichwa kilikuwa kinaendelea kutunga. Nakuapia sikujua.

Mama alikuwa anamenya radishi niliporudi.

"Haruta siku hizi ananyoa?" akauliza bila kugeuka sana.

Nilishika kichwa. Kwenye dirisha la treni, hata ndani ya giza la mahandaki, sikujitazama. Upande wa kulia ulikuwa juu ya sikio, wa kushoto ulikuwa umelifunika.

"Anajifunza," nikasema.

"Arudie darasa. Na alikulipa, au ulimlipa wewe?"

Nilikuwa nacheka, nikaweka mfuko mezani kama ninavyouweka siku zote, nikasema kama ninavyosema siku zote, "Nimekuletea zawadi, Mama, si kitu kikubwa." Kisha nikaenda kunawa mikono. Nilikuwa na sabuni mpaka kwenye viwiko nilipokumbuka kwamba Omiya ni vituo vichache kutoka kwetu na hakuna anayeleta zawadi kutoka Omiya.

Niliporudi alikuwa ameshafungua karatasi. Boksi lilikuwa wazi. Vimaandazi, vimepangwa safu mbili, kila kimoja na chapa ya peasi.

Mama hakuvigusa. Alitazama chapa. Alitazama nywele zangu, upande mrefu, upande mfupi. Mama yangu hakusoma sana lakini hajawahi kushindwa kujumlisha.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai."

Akakaa. Kisu cha radishi bado kilikuwa mkononi, nikakichukua.

"Ulimwona wewe mwenyewe? Kwa macho haya?"

"Nilimkuta anakata nywele. Ndiye aliyenikata."

"Kwa hiyo vidole bado." Aligusa juu ya sikio langu, pale palipoingia sana. "Miaka mitatu, vidole bado havijarudi."

"Havijarudi vyote."

"Na yeye mwenyewe? Hali yake?"

Hapo ndipo kila nilichotunga kwenye treni kilitakiwa kutoka, kipo, kimepangwa. Nikafungua mdomo. Nikaona namna alivyokuwa anautazama mdomo wangu, kiganja chake kimeinuka kidogo kutoka mezani, kama anavyofanya anapotaka kufunika skrini asome neno moja moja.

"Alinikataza nisiseme," nikasema.

Kiganja kikashuka.

"Basi umeshasema."

Nilitaka kuuma ulimi. Kwenye jiko sufuria lilikuwa linatokota, sikuwa na akili ya kulizima. Mama akaamka, akalizima yeye, akakaa tena.

"Lini?"

"Julai. Kwenye ini." Nililia, sioni sababu ya kuficha. "Lakini Mama, kabla ya hapo alikuwa mzima, alikuwa mzima kabisa, ndiyo maana hakuandika, ni kwa sababu alikuwa—"

"Alikuwa wapi?"

"Nini?"

Alichukua simu. Akafungua blogu, akampita yule wa chai ya tumbo kwa kidole, akashuka chini, kwenye yale maandiko ya mstari mmoja. "Hapa. Machi mpaka Mei, mwaka jana. Hakuna kitu. Nilidhani amelazwa. Alikuwa wapi?"

Nikafikiri. "Kyushu, nadhani. Walioga maji ya moto. Au harusi, kuna harusi ya binti yake, nywele alitengeneza yeye."

"Na hapa? Kiangazi chote."

"Anajifunza kuogelea."

"Na umri ule?"

"Anasema anaogelea kama gunia."

Mama alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko. Aliendelea kushuka, pengo baada ya pengo, ananiuliza, na mimi niliyoyajua nilimwambia na nisiyoyajua nikasema sijui. Mengi sikuyajua. Nilikaa na yule mwanamke muda wa kunyolewa tu. Kuna kipupwe kizima ambacho mpaka leo hatujui alifanya nini.

Akaweka simu chini.

"Yaani mimi nilikuwa nakaa hapa nasema, huyu mama anateseka hata kuandika hawezi," akasema. "Kumbe yuko kwenye bwawa." Alikuwa na hasira. Hasira kabisa, mashavu yamepanda rangi, sijamwona hivyo tangu upasuaji. "Angesema! Angesema hata siku moja! Nimesoma kutapika kwake mara mbili, neno kwa neno. Kuogelea ameninyima!"

"Alikuwa anaona haya kwa wenzake waliokufa."

"Mimi sijafa."

Alichukua kimaandazi kimoja, akakigawa kwa vidole, nusu akanipa. Tukala. Kilikuwa kikavu kidogo. Alitafuna akitazama ukuta, na hasira ikamtoka polepole, na kilichobaki baada yake sikukipenda. Alionekana mdogo, amechoka, kama mtu aliyehesabu mara mbili akapata jibu lilelile.

"Na sasa ana dripu nyingine?" akauliza.

"Sikumuuliza."

"Ulikwenda mpaka huko na hukuuliza."

"Sikuweza, Mama."

Hakunigombeza. Alifunika boksi, akalirudishia karatasi yake, akapiga pasi mikunjo kwa kiganja. Usiku ule na kesho yake hakusema lolote kuhusu Alhamisi, na mimi mwenye maneno sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi asubuhi nilimkuta amevaa koti, ameketi kwenye ngazi ya mlangoni, viatu miguuni. "Unachelewa," akasema.

Daktari Nomoto alikuwa na karatasi zake. Akaanza tena na mishale, Mama akamkatiza, jambo ambalo hajawahi kumfanyia daktari yeyote.

"Vidole," akasema. "Vitarudi?"

"Kwa wengi hurudi, polepole," akasema daktari. "Kwa wengine si vyote. Tutapunguza dozi tukiona dalili."

"Na baada ya hapo, unaweza kurudi? Ugonjwa."

"Unaweza."

"Baada ya muda gani?"

"Hilo siwezi kukuambia, Bi Yasue. Nikikuambia nitakuwa nabahatisha."

Mama alitazama mikono yake juu ya magoti. Jikoni anakofanya kazi anafunga vyakula vya watu vya mchana, mia kwa mia, na yeye ndiye wa haraka kuliko wote. Alikunja vidole, akavikunjua. Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni, na nilijua nikisema neno lolote, la mzaha au la kweli, litakuwa langu na si lake.

"Mimi sijui kuogelea," akamwambia daktari.

Daktari akanitazama mimi, hakuelewa. Mimi nikatazama sakafu.

"Haya," Mama akasema, akanyoosha mkono kuomba kalamu. "Nionyeshe pa kutia sahihi."